Jinsi ya kuitisha baraza la wananchi linalotoa uamuzi: mwongozo kamili kutoka uwanda wa Kano

Kwenye ukuta wa nyumba ya mama mmoja karibu na Ahero, katika uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu nchini Kenya, kuna mstari wa matope. Nikisimama kando yake unanifika kifuani. Chini yake upo mwingine uliofifia, wa mafuriko ya awali. Ukuta umeshapigwa lipu upya pande zote isipokuwa hapo. Nilipomuuliza mbona kaacha, akanijibu: "Nikipaka, mtasema maji hayakufika."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimehudhuria mabaraza mengi ya mafuriko, na mengine niliyaandaa mwenyewe. Yalifanana yote. Hema, viti vya plastiki, meza ya wakubwa yenye kitambaa na maji ya chupa, hotuba tangu saa nne hadi saa saba, kisha dakika ishirini za "maoni ya wananchi". Wanaoinua mkono ni wanaume wale wale wanne. Mama mwenye ukuta alikuwa akija, anakaa nyuma, anarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kumuuliza maji huingia kwake kutoka upande gani, ilhali jibu lake lingeokoa pesa nyingi za mitaro iliyochimbwa mahali pasipofaa.

Mwongozo huu ni wa baraza la namna nyingine: watu 40 hadi 60 waliopatikana kwa bahati nasibu, wanaokaa pamoja siku nne, wanaopewa ukweli wote hata ule mchungu, wanaosikilizana wakiwa na waendeshaji waliofunzwa, na wanaoondoka na mapendekezo ambayo mwenye mamlaka ameahidi kuyajibu kwa maandishi. Nitatumia Mto Nyando kwa sababu ndio ninaoujua. Hatua ni zile zile ukitaka kushughulikia taka za jiji la Kisumu, magugu maji, au Ziwa Nakuru linalopanuka na kumeza mashamba ya watu.

Hatua ya kwanza: swali

Usitafute hema kabla ya kupata swali. "Tufanye nini kuhusu mafuriko?" si swali la baraza. Kila mtu atamimina yake na mtamaliza siku nne mkiwa na orodha ya malalamiko. Swali zuri lina mambo matatu. Lina majibu zaidi ya mawili ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuyatetea. Lipo ndani ya uwezo wa mtu au ofisi fulani kulitekeleza. Na linaeleweka kwa bibi wa miaka sabini likisemwa kwa Kiluo au Kinandi bila mkalimani kutoka jasho.

Sisi tulifika hapa baada ya wiki tatu za kubishana: "Kwa pesa na nguvu zilizopo katika miaka mitano ijayo, tuanzie wapi ili maji ya Nyando yasituhamishe tena: matuta kandokando ya mto, mitaro uwandani, miti na makinga maji milimani, au kuhamisha makazi?" Ni refu, lakini ni la kweli. Ndani yake kuna uchungu, kwani neno "tuanzie" lina maana kwamba kuna watakaongoja.

Lijaribu swali lako sokoni kabla ya kulichapisha. Waulize watu watano wasiohusika: hapa unaulizwa nini? Wakikupa majibu matano tofauti, rudi mezani.

Hatua ya pili: ahadi iliyoandikwa

Hapa ndipo mabaraza mengi hufia, na hufia kabla hata hayajaanza. Nenda kwa mwenye mamlaka ya kutekeleza (idara ya kaunti, bunge la kaunti, au kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi) umwombe barua fupi yenye mambo mawili: kwamba atapokea mapendekezo hadharani, na kwamba katika miezi mitatu atajibu kila pendekezo, likubaliwe au likataliwe, pamoja na sababu. Huombi akubali kila kitu. Unaomba asinyamaze. Mimi niliwahi kuendesha kikao kizuri sana bila barua hiyo. Ripoti yetu ilipokelewa kwa picha na makofi, na sijaisikia tena hadi leo. Watu 45 waliacha shughuli zao, wakaaminiana, halafu wakapuuzwa. Ukiwaita tena hawaji, na hawana kosa.

Mkumbushe kwamba huombi hisani. Ibara ya 1 ya Katiba ya 2010 inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ibara ya 10 inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wakazi haki ya kuwasilisha maombi rasmi kwa kaunti yao.

Kisha tazama kalenda ya pesa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Pendekezo linalofika Mei, bajeti ikiwa imeshapikwa, litakaa mwaka mzima likingoja. Kwa hiyo baraza la mwezi wa sita na wa saba linaingia vizuri kwenye mpango wa Septemba, tena mvua za masika zimepita na barabara za Kano zinapitika.

Hatua ya tatu: kuwapata watu kwa bahati nasibu

Hii ndiyo hatua inayopingwa zaidi, nami ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Ukitangaza "wote mnakaribishwa", watakuja wenye muda, wenye sauti na wenye maslahi. Ukimwachia chifu achague, wataletwa watu wake, hata kama yeye ni mtu mwema. Kura ya nasibu haimjui mtu. Inamfikia kijana wa boda na mama wa mpunga kwa uzito ule ule.

Jambo hili si geni. Ireland iliita raia 99 na mwenyekiti mmoja mwaka 2016, wakajadili suala la uavyaji mimba ambalo wanasiasa walikuwa wakilikwepa kwa miaka. Pendekezo lao lilifungua njia ya kura ya maamuzi ya Mei 2018 iliyobadilisha katiba. Jirani zetu wa Uganda wako karibu nasi zaidi. Mwaka 2014, wakazi wa Bududa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wa Butaleja kule chini kwenye mafuriko, walichaguliwa kwa nasibu wakakaa kujadili maporomoko, mafuriko na suala la kuhama. Mlima na uwanda, kama sisi hasa.

Utaratibu tuliotumia ni huu. Tuliorodhesha vijiji vyote vinavyoguswa na mto, kuanzia juu hadi chini. Nyando unakusanya maji yake kwenye milima ya Nandi, Tinderet na nyanda za juu za Kericho, unashuka kupitia Muhoroni hadi uwanda wa Kano, halafu unaingia Ghuba ya Winam. Kwa hiyo baraza la Ahero peke yake lingekuwa nusu ya baraza. Tuliandika kila kijiji kwenye kikaratasi, vikaratasi tukavitia kwenye sufuria, na mtoto wa shule akavichomoa mbele ya watu sokoni. Katika kila kijiji kilichotoka tulihesabu maboma kutoka njia panda, tukabisha hodi kwenye kila boma la saba. Hatukutumia daftari la wapigakura, kwa sababu vijana wengi hawamo.

Katika kila boma tuliandika jina la kila mtu mzima aliye tayari: jinsia, umri, kazi, kama ana ulemavu, na kama maji yaliwahi kumfikia. Kutokana na majina hayo tulipiga kura ya pili, safari hii kwa mafungu, ili tupate wanawake nusu, vijana kwa kadiri ya wingi wao, watu wa juu na wa chini, wenye ardhi na wapangaji. Bisha hodi katika maboma mengi zaidi ya unavyodhani. Kupata watu 48 tulibisha hodi maboma zaidi ya 200, kwani wengi wanahofu kuwa ni siasa au ni mtego wa kuhesabiwa ardhi. Rudi mara ya pili. Mama anayesema "ngojeni baba watoto arudi" humaanisha ngojeni kweli, na mkirudi jioni mkazungumza na wote wawili, mara nyingi huja.

Wanasiasa, machifu na viongozi wa mashirika hawaingii kwenye sufuria. Nafasi yao ipo, lakini ni ya mashahidi.

Hatua ya nne: siku, mahali na tumbo

Katika Nyanza, Ijumaa na Jumamosi ni siku za matanga, na Jumamosi ni Sabato kwa Wasabato wengi. Jumapili ni kanisa. Epuka siku ya soko la mahali hapo. Zinabaki siku mbili tatu, basi tumia hizo: siku mbili wiki moja, kisha mbili baada ya wiki mbili. Usizifululize. Pengo hilo linawapa watu nafasi ya kurudi nyumbani, kuulizwa maswali na majirani na kuja na mawazo yaliyopikwa zaidi.

Lipa nauli siku ile ile, mkononi, na fidia ya kazi iliyoachwa iwe sawa kwa wote. Tenga chumba cha watoto na mtu wa kuwaangalia. Tuliposahau jambo hili katika kikao cha kwanza, kina mama wanne walisikiliza wakiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Kama mtakutana hadharani, mpe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla.

Hatua ya tano: ukweli wote mezani

Siku ya kwanza ni ya kujifunza. Ita mashahidi wanaotofautiana: mhandisi wa matuta, mtu wa misitu, mkulima wa mpunga, mvuvi, mtu wa bajeti. Kila mmoja dakika kumi na tano, kisha maswali dakika thelathini. Maswali yawe marefu kuliko hotuba, na yatungwe mezani kwanza ili asiyezoea kipaza sauti asemewe na mwenzake.

Usidharau siku hii. Kwetu ilibadilisha kila kitu. Wengi tulidhani mafuriko ni moja. Shahidi mmoja alichora ziwa na mto ubaoni, akatuonyesha kwamba yako mawili. Kuna maji yanayoteremka na mto mvua ikinyesha milimani, yanakuja kwa kasi, yana tope, yanaondoka. Kuna maji ya ziwa lenyewe likipanda, yanayopanda polepole na kukaa miezi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita kiwango chake cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikisimulia. Tuta linaweza kuzuia maji ya kwanza. Kwa maji ya pili, tuta lile lile linaweza kuyafungia maji ndani yasirudi ziwani. Mama mwenye ukuta alisimama bila kuitwa akasema: mstari wa juu ulikuja usiku mmoja kutoka mashariki, wa chini ulikuja kutoka upande wa ziwa na kukaa hadi mahindi yakaoza. Mhandisi aliandika maneno yake yote.

Kama nauli inatosha, watoe ukumbini. Wapeleke watu wa uwandani mlimani na wa mlimani uwandani. Kama idara fulani inakunyima takwimu, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ijibu ombi lako ndani ya siku 21. Kwa hiyo andika mapema, si wiki ya kikao.

Hatua ya sita: kuendesha meza

Meza za watu wanane, si zaidi, na changanya watu wa juu na wa chini. Kila meza ina mwendeshaji mmoja na mwandishi mmoja. Mwendeshaji hana maoni siku hiyo. Kama ni mtu wa Ahero aliyepoteza ng'ombe kwenye maji, mpe kazi nyingine.

Kazi yake ni ndogo kwa kuitazama, ngumu kwa kuifanya. Anasoma swali. Anatoa dakika mbili za kimya, kila mtu afikiri. Kisha mzunguko: kila mmoja anasema mara moja kabla ya yeyote kusema mara ya pili. Anayepita anaruhusiwa kupita, lakini anarudiwa mwishoni. Mwandishi anaandika kwenye karatasi ya manila kwa maneno ya msemaji, si ya mwandishi, na akimaliza anasoma kwa sauti na kuuliza: "Ndivyo ulivyosema?" Swali hilo dogo ndilo linalomfanya mtu ajue amesikilizwa.

Lugha iamuliwe na meza. Weka mkalimani wa Kiluo na wa Kinandi kando ya meza, anayenong'ona, si jukwaani. Anayelazimika kusema Kiswahili cha kujikokota atatoa robo tu ya anachokijua.

Mzee asiyemaliza maneno utamheshimu kwa kumshukuru, kurudia hoja yake kwa sentensi moja, na kumwomba ruhusa: "Mzee, hilo tumeliandika. Turuhusu tumsikie mama yetu hapa." Sijawahi kumwona mzee akikataa ombi la namna hiyo. Mwenye hasira usimnyamazishe. Muulize lilitokea nini, lini, nani alikuwepo. Hasira ikipata maswali huanza kuwa ushuhuda.

Siku ya pili, meza ya kona, mwanamke wa Kano alimwambia kijana wa mlimani: "Nyinyi mnakata miti, sisi tunazikana." Meza yote ikakauka. Mwendeshaji, binti wa miaka 26, hakuruka kupatanisha. Alihesabu moyoni hadi kumi, kisha akamuuliza kijana: "Tueleze shamba lako lilivyo." Kijana akasema analima kipande kwenye mteremko, kila mvua inakwangua udongo wa juu, na mwaka huo alipanda mahindi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mbegu zilikwenda na maji. Mwanamke akauliza mbegu zilikwenda wapi. Kijana akanyosha kidole kuelekea chini, kwake. Baada ya hapo walijadili matuta ya shambani na nani alipie miche, kwa saa nzima, bila mwendeshaji kusema neno.

Desturi zetu zina mizizi ya jambo hili. Waluo walikuwa na duol, Wakalenjin kokwet, mahali ambapo neno lilizungushwa hadi likaiva. Chukua subira yao, na uongeze wale ambao zamani hawakuketi ndani ya duara: wanawake na vijana.

Hatua ya saba: kutoka maoni hadi uamuzi

Siku ya tatu kila meza inatoa mapendekezo yasiyozidi matatu. Yanayofanana yanaunganishwa ukutani mbele ya wote. Halafu mtu wa bajeti anayawekea gharama ya kukadiria. Msiruke hatua hii. Pendekezo lisilo na bei ni ombi la Krismasi.

Siku ya nne kila mjumbe anapewa maharagwe kumi na kuyagawa kwenye mikebe yenye picha ya kila pendekezo: mti, tuta, mtaro, nyumba. Anaweza kutia yote kwenye mmoja au kuyasambaza. Mikebe iwe nyuma ya pazia. Wakenya wa rika langu tunakumbuka kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, na kura iliyoonekana na wote ilivyowafunga watu midomo. Hesabu mbele ya kadamnasi.

Kisha yale yaliyo mbele yapigiwe kura ya siri moja moja, ndiyo au hapana, na lipite kama robo tatu wamekubali. Waliokataa waandike sababu zao, nazo zichapishwe kwenye ripoti ile ile, ukurasa ule ule. Kwetu watu saba walikataa kuhamisha makazi kwa sababu makaburi ya wazazi wao yako pale. Sababu hiyo ilibadilisha pendekezo: likawa kuinua nyumba na kujenga mahali pa juu pa kukimbilia kwanza, na kuhama liwe kwa anayetaka.

Hatua ya nane: baada ya kikao

Ripoti iwe kurasa sita, Kiswahili chepesi, picha za mikebe ndani. Wajumbe wenyewe ndio waikabidhi kwa mwenye mamlaka, si wewe. Wachague wafuatiliaji sita kati yao, watatu wa juu na watatu wa chini, na waandikiwe tarehe ya kukutana tena: siku 90 baadaye, mahali pale pale. Siku hiyo mwenye mamlaka anasoma majibu, pendekezo kwa pendekezo. Asipokuja, kiti chake kiachwe wazi na mapendekezo yasomwe hata hivyo, kisha ombi rasmi lipelekwe katika bunge la kaunti likiwa na sahihi za wajumbe wote.

Bandika majibu kwenye ofisi ya chifu, kwenye kituo cha boda na kwenye duka lenye mashine ya kusaga. Yasomwe redioni kwa Kiluo na Kinandi.

Na wape wajumbe nafasi ya kubadilishana namba za simu kabla hawajatawanyika. Hatukulipanga hilo, lilitokea tu. Mvua kubwa ikianza kwake usiku, yule kijana wa mlimani humpigia mwanamke wa Kano, naye huamsha majirani, hufungua ng'ombe na kuweka magunia ya mchele juu ya kitanda.